Kidole Kisichojua Maji Moto

Kama kidole chako cha mwisho kimeanza kulala na wewe mwenyewe uko macho, haya nayaandika kwa ajili yako. Sikuandikii kama daktari. Mimi ni msusi. Nimesuka vichwa Ruiru kwa miaka kumi na mmoja, na kila ninachojua kuhusu mshipa wa fahamu unaopita kiwikoni nilikijua baada ya kuuharibu. Niliambiwa jina lake mara nyingi na nikalisahau mara zote. Ni ule ambao ukigonga kiwiko mezani unaruka na kusema neno ambalo hungelisema mbele ya mchungaji. Kumbe mshipa huo hauishii hapo. Unashuka hadi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, na ukibanwa muda mrefu, vidole hivyo vinakufa ganzi, halafu mkono mzima unaanza kukosa nguvu.

Naitwa Nekesa. Nilizaliwa Bungoma, nikaolewa na Barasa, ambaye anafanya kazi kiwandani Thika, na tunaishi Kiganjo na binti yetu Neema. Kazi yangu iko Ruiru, katika saluni yenye viti vinne na kioo kimoja kirefu. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Kui.

Lazima nikueleze tunavyofanya kazi, maana ugonjwa wangu ulijificha humo humo. Rasta ndogo zikisukwa na mtu mmoja, mteja anaketi tangu asubuhi hadi jioni, anasinzia, anaamka, anaichukia dunia. Kwa hiyo tunashika kichwa wawili wawili. Mmoja anasimama kulia, mwingine kushoto, tunachora mstari katikati kwa mkia wa kitana, na kila mmoja anasuka upande wake mpaka tukutane. Malipo ni nusu kwa nusu. Ili kichwa kitoke kizuri, mikono yote minne lazima ivute sawa, mteja asijue nani alisuka wapi. Mimi na Mama Kui tulikuwa tumefika hapo. Miaka saba tulikuwa tunasuka pamoja, mimi kulia, yeye kushoto, na kuna wateja waliokuwa wakituita kwa jina moja.

Mama Kui amenizidi kwa miaka kama kumi na mitano. Ni mwenyeji wa Ruiru, mfupi, ana sauti ya kuitia ng'ombe aliye ng'ambo ya mto, na vidole vyepesi ajabu. Akisuka hatazami. Anatazama mlangoni, anasalimia wapita njia, anauliza bei ya viazi, na vidole vinaendelea tu. Nimewaona wasusi wengi na sijaona wa kumfikia. Nalisema mapema ili ujue ninamwandika mtu ninayempenda, hata nitakapofika pale nilipokataa kupokea simu zake.

Ganzi ilianza Desemba. Ule mwezi kila mtu anataka kichwa kipya kabla ya kwenda kwao, na sisi tunasimama mikono imekunjwa tangu saluni inapofunguliwa. Nikichoka nilikuwa naegemeza kiwiko cha kulia kwenye mgongo wa kiti cha mteja. Nikitaka ainame, namsukuma kichwa kwa sehemu ya chini ya kiganja, hapa karibu na kifundo. Mambo hayo mawili nilikuwa nikiyafanya bila kuwaza, kama mtu anavyokuna pua. Jioni kidole cha mwisho kilikuwa kimelala, nakitikisa, kinaamka. Nilisema ni uchovu wa Krismasi. Krismasi ikapita, shule zikafunguliwa, na kidole hakikuamka.

Halafu vikaja vikombe. Katika wiki moja nilivunja vitatu, na ilikuwa wiki mbaya ya kuvunja vikombe, kwa sababu mimi na Barasa tulikuwa tumekosana na nilikuwa nimemnunia. Kikombe cha kwanza hakuinua macho kutoka kwenye simu. Cha pili akanitazama. Cha tatu akaweka simu chini.

"Mama Neema, kama uko na maneno, sema. Wachana na vyombo."

"Imeniponyoka."

"Zote tatu?"

Neema akacheka, tukamkemea kwa pamoja, na hilo likawa jambo la kwanza tulilokubaliana wiki hiyo.

Mama mkwe alipopata habari kwa simu alisema mkono umeingiwa na baridi, nitafute mtu wa kunikanda. Nikampata mama mmoja hapo Kiganjo mwenye mikono ya nguvu. Alinikanda kiwiko kwa mafuta jioni tatu mfululizo, akikandamiza pale pale mshipa ulipobanwa, na mimi nikimshukuru huku machozi yananitoka. Kama kuna kitu kimoja nataka ukishike katika maandishi haya, ni hicho: usikubali kukandwa mahali ambapo hujui shida ni nini. Mama yule alikuwa na moyo mwema na alinimaliza.

Sasa nifike kwenye siku ya maji.

Rasta zikiisha kusukwa, ncha zake huchovywa kwenye maji moto ili zisifumuke. Maji yakizidi moto na ncha zikamwangukia mteja mgongoni, zinamchoma. Kwa hiyo kila msusi anayapima kwanza. Wengine hupima kwa kidole cha shahada. Mimi, tangu nijifunze kazi, napima kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwa sababu ndicho pekee ambacho hakina mafuta ya nywele. Nilikuwa najivunia usafi huo.

Mteja alikuwa msichana wa chuo, amekuja kutoka Kahawa Wendani, mcheshi, anatuchekesha tangu asubuhi. Nilichovya kidole nikaona maji ni ya uvuguvugu. Nikaongeza kutoka kwenye birika lililokuwa linachemka. Nikapima tena. Bado. Nikaongeza tena. Nilichovya ncha zote za nyuma kwa pamoja, nikaziachilia, na yule msichana akaruka kutoka kitini.

"Mathe! Unanichoma! Aki unanichoma!"

Mgongo ulikuwa mwekundu, mahali pakubwa kama kiganja. Mama Kui alitia kidole chake kwenye yale maji akakitoa mara moja. "Haiya!" Halafu akatazama kidole changu. Kilikuwa kimeiva, ngozi inaanza kuinuka, na mimi nimesimama nacho nimetulia kabisa.

Mwenye saluni akaja mbio kutoka nje. "Nani ameweka maji?"

"Ni mimi," Mama Kui akasema. "Nilikuwa naongea, sikuangalia."

Nilifungua mdomo. Akanikanyaga mguu. Kabla sijapata neno alikuwa amempeleka msichana kwenye bomba, anammwagia maji baridi polepole, anambembeleza kama mwanawe. Alimpeleka zahanati mwenyewe. Aliporudi alinivuta hadi nyuma ya saluni, tunapoanika taulo, akaushika mkono wangu na kukifinya kidole kwa kucha.

"Unasikia?"

"Nini?"

Akakifinya tena, kwa nguvu zaidi. Sikukivuta.

"Nekesa, hiyo mkono imelala kitambo. Kesho hauji kazi. Kesho unaenda hosi. Ukikuja hapa nitakufungia mlango, na unanijua."

Nilienda. Hospitali niliyopelekwa iko Thika, na benchi la kungojea daktari wa mifupa ni refu, la mbao, na linafanya kazi kwa kusogea. Wa kwanza akiitwa, wote tunainua makalio na kusogea mara moja. Ukienda chooni unamwachia jirani leso ikukalie. Nimekaa kwenye benchi hilo siku nyingi kuliko nilizokaa kwenye kiti chochote nyumbani kwangu. Niliona watu wenye magongo, wenye mikanda shingoni, mzee mkulima wa kahawa aliyeanguka kutoka kwenye ngazi na bado analalamikia ngazi. Siku ya kwanza nilishindwa kufungua chupa ya maji. Nilikuwa naizungushia kwenye leso ili watu wasione. Yule mzee, na mkono wake mmoja mzima, aliichukua bila kuniuliza, akaibana katikati ya magoti, akaifungua, akanirudishia huku anaendelea kusimulia habari za ngazi. Sikumjua jina na nilimkumbuka kwenye maombi mwaka mzima.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alinipa karatasi nishike kati ya kidole gumba na cha shahada, akaivuta. Kwa mkono wa kushoto ilichanika. Kwa wa kulia ilitoka tu, kana kwamba nimemkabidhi. Nikasema turudie. Tukarudia. Ikatoka tena.

"Hii nyama ilianza kupungua lini?" aliuliza, akinigusa kati ya gumba na shahada.

Nikatazama. Mkono wa kushoto hapo pamejaa. Wa kulia palikuwa na shimo, ungeweza kuweka harage likatulia. Nilikuwa natazama mikono hiyo siku nzima, kila siku, na sikuwa nimeliona.

"Nitasuka tena?" nikamuuliza.

"Tutazuia isiendelee," alisema. "Ile imepotea, sitakudanganya, labda irudi, labda isirudi. Ungekuja miezi mitatu mapema tungekuwa na maneno mengine."

Nilibeba sentensi hiyo ya mwisho hadi Kiganjo. Mimi sijui kazi nyingine. Sikusoma sana. Mikono yangu ndiyo iliyonitoa kwetu na ndiyo inayomsomesha Neema, na sasa mmoja ulikuwa unanikimbia.

Wakapima mshipa kwa umeme, pini ndogo ndogo na mishtuko inayofanya vidole viruke vyenyewe. Inaudhi zaidi ya inavyouma, usiogope. Ikaonekana umebanwa mahali pawili, kiwikoni na hapa chini ya kiganja. Nikaambiwa nisisuke, nisiegemee kitu, nifunge taulo kwenye kiwiko nikilala ili mkono usijikunje. Mvua za masika zikaanza nikiwa nyumbani na taulo langu, mwanamke mzima asiyeweza kufunga kifungo.

Hapa niseme juu ya Barasa, maana mpaka sasa nimemfanya aonekane mtu wa kuhesabu vikombe. Ugali wa kwetu ni mgumu, unataka mkono wenye nguvu, na siku niliposhindwa kuusonga nilikaa chini jikoni nikalia, mwiko umesimama ndani ya sufuria. Barasa alitoka kazini, akavua shati la kiwandani, akaushika mwiko. Wanaume wa kwao hawasongi ugali mke akiwa nyumbani. Ulipoiva ulikuwa uji uliokasirika. Tulikula, Neema akaomba aongezewe, na mpaka leo sijui kama ni njaa au ni adabu. Wiki iliyofuata ulikuwa na mabonge. Mwezi uliofuata ulikuwa ugali. Mama yake alipopiga simu na kuuliza nimepika nini, alimjibu, "Mimi ndio nimepika, mama," akangoja. Kisha nikamsikia mama mkwe akimuuliza kama alichemsha maji vizuri kwanza. Nilimpenda mume wangu siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Katikati ya mvua hizo, nikiwa sina la kufanya, nilifungua picha kwenye simu. Kila msusi anapiga picha ya kichwa kikishaisha, kwa nyuma, ili wateja wengine wachague mtindo. Nilikuwa na mamia. Sasa jua kwamba mimi na Mama Kui tunapishanisha mashada, yale mafungu matatu ya nywele yanayofanya rasta moja, kwa namna tofauti kidogo, yeye kwa juu, mimi kwa chini. Mteja haoni, ila mimi naweza kuitambua rasta yangu kati ya elfu.

Nilianza na Oktoba. Zangu zilianzia sikio la kulia zikafika katikati, zake zikaanzia hapo. Novemba, hivyo hivyo. Desemba mwanzoni, zake zilikuwa zimevuka katikati kwa safu moja. Krismasi, safu tatu. Januari nilihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Februari, siku ya yule msichana wa chuo, tuliyempiga picha kabla ya maji, zangu zilikuwa kile kipande tu kilicho nyuma ya sikio.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua, na sikuona. Miezi mitatu alikuwa anasuka upande wake wote na karibu wangu wote, jioni tunagawana sawa, na ananiaga vizuri anaenda zake.

Ungedhani nilishukuru. Nilikasirika. Ile sentensi ya daktari ilinirudia: miezi mitatu mapema. Angeniachia nusu yangu niivuruge, wateja wangelalamika Desemba, na Desemba hiyo hiyo ningekwenda hospitali nikiwa na nyama mkononi. Huruma yake ndiyo iliyonificha hata kwangu mwenyewe. Sikupokea simu zake kwa wiki nzima. Siku ya nane alikuja mwenyewe Kiganjo, amebeba ndizi na maziwa, amelowa mvua.

Nilimwekea simu mbele yake, picha ya Januari. Aliitazama akatikisa kichwa.

"Umeona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Wewe ni msusi. Nikuambie mkono yako imeanguka, kesho utarudi kusimama na mimi? Nilidhani ni kuchoka. Nikasema wacha nimshikie mpaka apumzike. Halafu ikakuwa wiki, ikakuwa mwezi, sasa hata mimi nikaogopa."

"Daktari amesema ningeenda mapema..."

"Najua." Aliweka ndizi mezani. "Hiyo maneno najiambia kila siku nikifika pale nikikuta hauko. Nilikukosea, Nekesa. Nilidhani nakusaidia na nilikukosea. Si unipige na hiyo taulo yako basi tumalize?"

Nikacheka, nikachukia kwamba nimecheka. Sijui kama ni sawa kumsamehe mtu kosa ambalo ni wema. Ninachojua ni kwamba nilimtazama vidole vyake vikimmenyea Neema ndizi, vimevimba kwenye viungo kwa kusuka upande wangu, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Mimi nisingeweza kufanya alichofanya. Ningevumilia wiki mbili, halafu ningemwambia mwenye saluni anitafutie mwenzangu mwingine. Hiyo ndiyo kweli na inaniaibisha.

Kabla hajaondoka nikamwambia nimefanya uamuzi. Nikampigia simu mwenye saluni mbele yake, nikasema maji yale yalikuwa yangu. Baadaye nikamtafuta yule msichana pia, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona, nikamwambia na yeye. Alisema, "Nilijua, mathe. Yule mwingine hakuwa hata karibu na birika."

Nilipasuliwa Julai, wakati Thika yote imevaa sweta. Habari za gharama nitaziacha, kila nyumba ina hesabu zake. Walifungua kiwiko na chini ya kiganja siku moja. Ninakumbuka baridi ya chumba kile na muuguzi aliyenishika mkono ule mwingine, ule mzima, akanisugua mpaka ukapata joto. Nilipoamka mkono ulikuwa umefungwa mkubwa kama mto. Siku kadhaa baadaye nyuzi zilitolewa, nikaona makovu mawili, moja limepinda kwenye kiwiko, nikaambiwa sasa ni kungoja. Mshipa unarudi taratibu, wanasema, kidogo kila mwezi, na hakuna wa kuuharakisha.

Fizio wangu, kijana mpole asiyechoka aliyenisimamia mazoezi ya mkono, alichanganya mahindi na maharagwe kwenye beseni akaniambia nifumbe macho nichambue kwa vidole viwili vya mwisho. Nilianza Agosti. Agosti yote kila kitu kilikuwa kokoto. Septemba nilijua kuna vitu vya aina mbili. Siku moja Oktoba niliokota harage, nikasema harage, nikafumbua macho, likawa harage. Nilimwita Barasa, nikamwita Neema, nikamwita na jirani. Tulipika githeri ya mazoezi yangu mpaka Neema akasema anaota mahindi.

Kidole hakijarudi chote. Shimo kati ya gumba na shahada limejaa nusu, daktari ameridhika, mimi ninajaribu. Maji nayapima kwa mkono wa kushoto. Nimejifunza kubana shada la tatu kwa kidole cha kati, nasuka polepole, na kila baada ya muda nanyoosha mkono kama mtu anayesimamisha gari.

Nilirudi saluni Novemba. Mwenye saluni alinipokea vizuri. Wateja hawakunipokea. Ukweli nilioutoa kwa simu ulikuwa umezunguka, na kwa watu wa pale nilikuwa yule wa maji moto. Mteja anaingia, namkaribisha kwenye kiti changu, anasema, "Namngoja Mama Kui." Hata wawili wawili hawakutaka, walimtaka yeye peke yake. Nilifagia, niliosha vichwa, nilitenganisha nywele za kuongezea, nikafika nyumbani nimechoka kwa kutofanya kazi. Wiki ya pili nilianza kumwambia Barasa habari za kuuza mboga.

Jumatatu moja, siku ambayo hakuna watu, Mama Kui alifunga mlango wa saluni nusu, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti changu. Nywele zake zimeota mvi mbele, na kumbe ni laini.

"Rasta ndogo," alisema. "Kichwa mzima."

"Mama Kui, peke yangu nitachukua siku mbili."

"Si niko?"

"Na upande wako nani atashika?"

"Leo sina upande."

Nilianza. Nilichora mstari wa kwanza kwa mkia wa kitana. Yeye alitazama mlangoni, akasalimia watu, akauliza bei ya viazi. Hakuniambia vuta, hakuniambia legeza. Kufika jioni nilikuwa nimemaliza nusu tu, na nusu ile nyingine imesimama kama kichaka. Nikamwinulia kitambaa chake ajifunike.

"Cha nini?" akasema.

Akatoka hivyo hivyo. Mwanamke wa umri wake, mama wa kanisa, alipita katikati ya soko la Ruiru na kichwa nusu, taratibu, akisimama kwenye kila kibanda kuuliza bei ya vitu asivyovihitaji. Nilikuwa mlangoni na nilisikia sauti ile ya kuitia ng'ombe ikipaa juu ya kelele zote.

"Ni Nekesa ananisuka. Hajamaliza. Kesho mtaona."

Nilimaliza Jumanne saa kumi. Mikono ilinichoka yote miwili sawasawa, na nilifurahi hata kwa hilo. Jumatano asubuhi akaingia mama mmoja anayeuza nguo karibu na steji ya matatu, mteja wetu wa zamani, ambaye wiki iliyopita alikuwa amengoja saa nne nzima kuliko kuniruhusu nimguse. Alimzunguka Mama Kui mara mbili. Akapitisha vidole, akafungua safu, akachungulia ngozi ya kichwa.

"Hii ni ya mtu mmoja?"

"Ya huyo," Mama Kui akasema, bila kuinuka, kikombe cha chai mkononi. "Mimi usinihesabu. Mimi leo nakunywa chai."

Yule mama akanitazama mkono, akatazama kovu. Kisha akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari, akaketi kwenye kiti changu, akainamisha kichwa kabla sijamwambia.